Nahodha na Hereni Moja

Tulimwacha Adolphine amesimama juu ya benchi la meli ya watalii iliyotia nanga ufukweni kule Buffalo, katikati ya Wazungu wanaotafuna bisi, akimwonyesha kidole nahodha wa maharamia. Wiki nzima mnaniuliza kama alirukwa na akili. Hakurukwa. Akili zake zote zilikuwa mahali pake, na ndiyo sababu alipanda benchi.

Nahodha mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Ni Masumbuko, kijana anayetaka kumwoa Gentille, binti pekee wa Adolphine. Siku za wikiendi huvaa kofia ya pembe tatu, huziba jicho moja kwa kiraka, huweka kasuku wa plastiki begani, na kupanda meli ya watalii kuwasimulia watoto visa vya maharamia wa zamani. Mwenye meli humlipa, watoto hucheka, wazazi hupiga picha.

Siku hiyo alisimulia kisa cha nahodha aliyesimamisha mashua ya wasafiri. Nahodha akamnyofoa mama mmoja hereni ya sikio la kushoto, ya kulia akamwachia, akamwambia hiyo ndiyo risiti yake. Kisha akafuta vidole vyake vyenye damu kichwani mwa mtoto mchanga aliyebebwa na yule mama, na mtoto akacheka. Meli nzima ikacheka pia.

Sasa sikiliza, msomaji. Sikio la kushoto la Adolphine limepasuka hadi chini. Hereni ya kulia anayo hadi leo. Mashua ile ilikuwa kwenye ziwa Tanganyika, ikitoka Baraka kwenda Kigoma, mwaka walipokimbia vita. Na mtoto aliyecheka ni Gentille, ambaye saa hiyo alikuwa ameketi pale pale benchini, akicheka pamoja na wageni, hana hili wala lile.

"Ile hadithi," Adolphine akamwuliza nahodha, "nani alikupatia?"

Masumbuko akavua kiraka cha jicho. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

"Papa," akasema. "Alikuwaka anatuelezea kule kambi ya wakimbizi, wakati chakula haiko, juu tupate kulala. Mama, iko nini?"

Adolphine akashuka kutoka melini. Alifika nyuma ya kibanda cha aiskrimu, akainama, akatapika chai yote ya asubuhi.

Masumbuko akamfuata, buti zake kubwa zikipiga kelele, kasuku akiyumba begani. Alimletea maji, akaomba radhi bila kujua anaombea nini. Akaanza kujieleza. Alisema yeye chuoni alisoma historia, na mwanzoni alikuwa akiwaambia watoto mambo ya kweli. Kwamba maharamia wale karibu wote hawakuzika dhahabu yoyote wala kuchora ramani, bali waligawana walichoiba na kukinywea pombe. Kwamba walipoikamata meli yenye Waafrika waliofungwa minyororo, wengine waliwaingiza katika kundi lao, lakini mara nyingi waliwauza kama marobota ya nguo. Wazazi wakalalamika. Wakasema wamekuja kustarehe na watoto, hawakuja kusikia mambo ya minyororo. Mwenye meli akamwambia atafute kisa chepesi.

"Donc nikatafuta," akasema. "Ile ya Papa njo batu banapenda."

Mnasikia? Ukweli waliukataa, wakapewa ukweli mwingine uliovishwa kofia ya pembe tatu, wakaupenda. Mimi ninayewaandikia ningekuwepo pale, ningetapika naye.

Adolphine akajifuta mdomo. Akauliza mwisho wa maharamia hao ulikuwa nini. Masumbuko, akidhani mama mkwe anapoa, akajibu kwa furaha kwamba wengine walinyongwa, lakini mfalme wa Uingereza alipochoka kuwafukuza alitangaza msamaha. Haramia aliyejitokeza kabla ya siku iliyowekwa alisamehewa, akarudi mjini mtu mwema, na wako waliobaki na mali waliyoiba.

"Na bale baliibiwa?"

Masumbuko akafikiri kidogo. "Habakuulizwa, Mama."

Safari ya kurudi nyumbani Columbus ilikuwa ndefu na chungu. Gentille aliendesha gari amekaza midomo, na walipokaribia Cleveland akafunguka, kwa Kiingereza kama kawaida yake anapokasirika. Alisema mama yake amemwaibisha mbele ya mchumba wake na mbele ya watu wa kazini kwa mchumba huyo. Alisema kama mama hamtaki Masumbuko, aseme sasa, kabla ya Jumamosi.

Maana Jumamosi ndiyo siku ya mahari. Ukumbi wa kanisa kule Westerville umeshakodiwa, watu wa Louisville, upande wa Masumbuko, wameomba ruhusa kazini, na baba ya Masumbuko, mzee Bisimwa, anakuja na ndugu zake wote.

Adolphine aliangalia kichwa cha binti yake, nywele zimesukwa vizuri, mstari mmoja mmoja. Aliviona vile vidole vikipita juu yake. Akajibu kwamba anampenda Masumbuko, alikuwa na gesi tu tumboni.

Jioni alikwenda Linden kwa kaka yake Wilondja, ambaye ndiye msemaji wa familia katika mambo ya mahari. Akamweleza yote. Wilondja ni mtu wa kutuliza mambo, na safari hii alimtuliza kweli. Akamkumbusha kwamba kule kambini yeye Adolphine alisimama kanisani akatoa ushuhuda wa hereni, mbele ya umati, watu wakalia. Bisimwa alikuwa kambi hiyo hiyo. Alisikia kanisani, akaenda kuwalaza watoto wake kwa hadithi hiyo. Basi.

Adolphine akahisi mzigo unashuka. Akacheka hata. Akala sombe, majani ya muhogo aliyopika wifi yake, akaomba nyingine ya kubeba.

Ulimdumu usiku mmoja tu, huo wepesi.

Kesho yake alikuwa kazini kwenye ghala huko Hilliard. Ni Septemba, na Wamarekani wanajiandaa kwa sikukuu yao ya kujivika mavazi ya kutisha, kwa hiyo ghala zima limejaa mavazi ya maharamia ya watoto. Kazi yake ni kufunga mifuko. Kofia ndani, kiraka ndani, ndoano ya plastiki ndani, na hereni moja ndani. Hereni moja, kila mfuko. Wasimamizi wamekataza kutia mbili.

Mkono wake ukasimama kwenye mfuko. Akakumbuka ushuhuda wake neno kwa neno. Alisema mashua ilisimamishwa. Alisema hereni ilinyofolewa. Alisema alimshukuru Mungu akakaa. Ya kichwa cha mtoto hakusema. Hakuisema siku hiyo, wala kwa afisa yeyote wa wakimbizi, wala kwa marehemu mume wake.

Na sababu ilikuwa aibu. Yule nahodha, uso wake umefungwa taulo, alipofuta damu kwenye kichwa cha mtoto na mtoto akacheka, Adolphine alimwambia asante. Damu inamtiririka shingoni, naye anamwambia mwizi asante, kwa sababu amemwacha mtoto hai. Neno hilo limemtia kinyaa maisha yake yote, kinyaa cha nafsi yake mwenyewe, na ndiyo maana alilificha.

Basi hiyo ya kichwa cha mtoto, Bisimwa ameitoa wapi?

Wakati wa mapumziko akampigia Wilondja. Kaka mtu akatafuta pa kutokea.

"Bon. Ndani ya mashua mulikuwa batu mingi, dada. Pengine naye alikuwa ndani, aliona na macho yake. Umungojee Samedi. Umuangalie, utajua."

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa Westerville ulijaa kanga, vitenge na manukato, watoto wameketi chini mbele kabisa kwenye zulia, akina mama jikoni wanapindua fufu, ugali wa muhogo. Watu wa Louisville wakaingia wakiimba. Mbele yao mzee Bisimwa.

Msomaji, hata mimi nilitegemea jitu. Alikuwa mzee mkondefu, sukari imemla miguu, anatembelea fimbo, suti imemzidi mabega. Kule Louisville ni mzee wa kanisa, na wagonjwa humwita aje awaombee. Kabla hajaketi, alimwendea Adolphine moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Gentille," akasema polepole, "mutoto aliniambia vile ulifanya kule Buffalo. Sikulala. Ile mashua, na mie nilikuwa mo ndani. Nilikaa nyuma, karibu na moteri. Niliona yote, sikufanya kitu. Unirehemie."

Adolphine akamwangalia. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Akajiona mjinga, akajiona mchafu kwa kumwazia mabaya mzee huyu mgonjwa. Akamwambia watu walikuwa wengi mle ndani, na hakuna aliyefanya kitu. Wakashikana mikono wakalia kidogo, na akina mama waliowaona wakapiga vigelegele wakidhani ni furaha ya wakwe.

Mambo yakaanza. Wilondja na msemaji wa Louisville wakarushiana maneno ya utani, huyu anadai wamepotea njia, yule anasema wamefuata harufu ya ua, ukumbi ukavunjika mbavu. Masumbuko, safari hii amevaa suti badala ya kofia ya pembe tatu, alikuwa akitabasamu kila alipomtupia Gentille jicho.

Kisha likatokea jambo lililomshangaza Wilondja. Kwa kawaida ya familia hizi, mzigo wa mama huja mwisho, baada ya zawadi zote. Safari hii msemaji wa Louisville aliomba uje kwanza. Alisema mzee Bisimwa ameomba hivyo, kwa heshima ya pekee kwa mama wa bibi harusi.

Nawaeleza desturi ya mzigo huo, msije mkapotea. Unakuja umefungwa ndani ya kitenge. Mama haufungui mbele ya watu. Anaubeba kichwani, anazunguka nao ukumbi mzima akicheza, na akimaliza mzunguko, msemaji wake anatangaza kwamba nyumba hizi mbili hazidaiani tena jambo lolote. Chuki ya zamani, neno baya, hata kisa cha mababu, vyote vimekufa hapo. Atakayefufua anamwaibisha binti yake mwenyewe.

Veridiana, shangazi wa Masumbuko, akauleta mzigo. Adolphine akauweka kichwani. Alikuwa na wepesi ambao hajausikia kwa miaka. Alicheza, jamani. Alicheza hadi vijana wakainua simu kumrekodi, hadi Gentille akajiunga naye akisahau hasira ya Buffalo. Alipomaliza mzunguko, Wilondja akachukua kipaza sauti.

"Mama amecheza. Neno limefungwa."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee Bisimwa alifumba macho, akapumua, kama mtu aliyetua gunia.

Adolphine akaenda na mzigo kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko, wanapoweka viti vya ziada. Akaufungua akiwa bado anahema. Sufuria mpya. Kitenge kipya cha rangi ya bluu. Ndani ya sufuria, kitambaa kidogo kizee kilichofungwa fundo. Akalifungua fundo kwa meno.

Hereni.

Ile ya kushoto, yenye ushanga mwekundu. Nyingine kama hiyo ilikuwa inaning'inia sikioni mwake saa hiyo hiyo. Na kitu kilichomkirihi kuliko vyote ni kwamba ilikuwa safi. Mtu aliitunza. Mtu aliketi Louisville, kwenye kiti chake, na dawa ya kusafishia, akaing'arisha ipendeze.

Fimbo ikagonga sakafu nyuma yake. Bisimwa alikuwa amesimama mlangoni, peke yake, na machozi yote ya kule ukumbini yalikuwa yamekauka.

"Umeshacheza, Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Batu bote baliona. Neno imefungwa."

"Ulisema ulikaa karibu na moteri."

"Ningesema nini tena mbele ya bale batu? Tulikuwa na njaa, ilikuwa vita. Nilipaswa kurudisha, nimerudisha." Akaegemea fimbo, na Mungu anisamehe ninavyoiandika sentensi inayofuata, akatabasamu. "Halafu yule mutoto alicheka. Unakumbuka? Nilimugusa kichwa, akacheka. Mie nilijua ni alama. Nilimubariki. Angalia, leo anaingia kwangu."

Adolphine akaifumbata hereni kiganjani. Aliuangalia mkono ulioshika fimbo. Vidole virefu, vikavu, kucha zimekatwa vizuri. Mkono wa mtu wa kanisa. Akaelewa kwa nini mzigo ulikuja kwanza. Huyu mzee alijitangazia msamaha wake mwenyewe, akauwekea siku, akamfanya yeye Adolphine autie muhuri kwa miguu yake, mbele ya simu za watu. Na aliyeibiwa hakuulizwa. Mara hii walimchezesha hasa.

Bisimwa akakichukua kimya cha Adolphine kuwa ndiyo, akageuka, akaondoka taratibu akigonga fimbo.

Adolphine akabaki na hereni kiganjani. Akisema, binti yake ataaibika kwa desturi yao wenyewe, harusi itakufa, na Masumbuko, kijana asiye na kosa, atabeba jina la haramia wa kweli hadi kaburini. Akinyamaza, atamwita mtu yule mkwe. Atampakulia chakula. Wajukuu watapanda magotini pake kusikiliza hadithi. Pengine angenyamaza, msomaji, nisikudanganye. Wanawake wengi wamemeza makubwa kuliko hayo kwa ajili ya binti zao.

Lakini kule ukumbini kipaza sauti kikasema bibi harusi apige magoti. Baba mkwe anataka kumwekea mkono kichwani, ambariki.

Miguu ya Adolphine ilitangulia kabla ya akili. Alipita jikoni, akapita katikati ya sahani, akaingia ukumbini. Gentille alikuwa amepiga magoti juu ya kitenge, kichwa ameinamisha, mistari ya nywele inang'aa mafuta. Bisimwa amesimama mbele yake, fimbo ameiweka pembeni, mkono wa kulia ameshaanza kuunyanyua.

Desturi imemkataza kumlaumu. Imemkataza kudai. Lakini hakuna desturi, wala ya Fizi kwao wala ya Bukavu kwa kina Bisimwa, inayomkataza mwanamke kuwasimulia watoto hadithi.

Akamnyang'anya Wilondja kipaza sauti. Akaketi chini kwenye zulia, kati ya watoto.

"Batoto, munapendaka hadithi ya maharamia?"

Watoto wakaitikia kwa kelele, wote kwa pamoja. Watu wazima wakacheka. Waliona mama amelewa furaha. Mkono wa Bisimwa ukabaki hewani, shubiri moja juu ya kichwa cha Gentille.

Adolphine akasimulia. Kulikuwa na mashua moja, asubuhi, ziwa limetulia. Kukaja nahodha mwenye taulo usoni. Hakuwa na kasuku, hakuwa na kofia ya pembe tatu, miguu yake ilikuwa ndani ya kandambili. Akamshika mama mmoja sikio. Hapo Adolphine akavua hereni yake ya kulia, akaiweka kiganjani kando ya ile nyingine, akanyoosha mkono ili watoto wazione zote mbili.

Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Masumbuko aliijua hadithi hiyo kwa moyo. Midomo yake ilikuwa ikimfuata mama mkwe neno kwa neno, bila sauti, kama anavyofanya kila Jumamosi kule melini. Alipoziona hereni mbili, midomo ikasimama. Akazitazama zile shanga nyekundu, akaiangalia ncha ya sikio lililopasuka, kisha akainua macho taratibu hadi kwenye mkono wa baba yake.

"Nahodha akajaa damu kwenye vidole," Adolphine akaendelea. "Akatafuta pa kujipangusa. Akaona mutoto kwenye mugongo ya mama. Akajipangusa pale kwenye kichwa, na mutoto, juu hakujua kitu, akacheka. Na ule mama akamuambia asante."

Alilisema hatimaye, mbele ya watu wote. Asante.

Akina mama wa jikoni wakasogea mlangoni, miiko mikononi. Bisimwa alitaka kuushusha mkono, lakini hakuwa na pa kuushushia isipokuwa kichwani mwa yule binti.

Gentille hakuinuka. Alibaki kwenye magoti yake, akainua uso polepole, akauangalia kwanza mkono ulioning'inia juu yake, halafu akamgeukia mama yake. Na yeye ambaye tangu afike Marekani humjibu mama yake kwa Kiingereza, aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo iliyosikika hadi mlangoni:

"Mama, ule mutoto alikuwa nani?"